Stanley: jina lililookotwa New Orleans likaandikwa juu ya mto, mji na mlima wa Kongo

Mtu akiwa Mutwanga, katika wilaya ya Beni, na asubuhi ikampa bahati ya mbingu bila mawingu, anaweza kuona theluji juu ya Rwenzori. Kilele kirefu kuliko vyote kina mita 5109, na hakuna mahali pengine pa juu kama hapo katika Kongo yote. Ramani nyingi za dunia zinaita mlima huo Stanley. Akishuka mpaka Kisangani, atakuta wazee ambao mpaka leo wakikumbuka ujana wao wanasema walisomea Stan, walioa Stan, walikimbia vita ya 1964 wakiwa Stan. Ni kifupi cha Stanleyville. Na Kinshasa, kabla ya mwaka wa 1972, pale mto unapopanuka kama ziwa paliitwa Stanley Pool.

Mlima, mji, maporomoko, bwawa: jina lile lile. Lakini mtu ambaye jina hilo lilimheshimu hakuzaliwa nalo. Alilichukua ukubwani, katika nchi ya kigeni, kutoka kwa mtu mwingine, na maisha yake yote alieleza vibaya namna alivyolipata.

Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa kwanza 1841 huko Denbigh, mji mdogo wa Wales. Mama yake, Elizabeth Parry, alikuwa msichana asiye na mume. Katika daftari la kanisa mtoto aliandikwa John Rowlands, na pembeni likaongezwa neno linaloonyesha kwamba amezaliwa nje ya ndoa. Rowlands lilikuwa jina la mwanaume aliyetajwa kuwa baba, na mwanaume huyo hakumlea hata siku moja. Mama naye akaondoka kwenda kutafuta kazi. Mtoto akabaki kwa babu yake, Moses Parry, ambaye alikuwa mchinjaji. Babu akafa mtoto akiwa na miaka mitano. Jamaa wakamweka kwa watu wa kulipwa, kisha malipo yakakoma, na mwaka wa 1847 akapelekwa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph.

Nyumba hizo, Waingereza walizijenga kwa ajili ya watu wasio na kitu: wazee, wajane, vichaa, yatima, wote chini ya paa moja na chini ya fimbo moja. John Rowlands alikaa humo miaka tisa. Siku moja mama yake aliletwa pale pale akiwa na watoto wengine wawili, na kijana akaonyeshwa kwamba yule ndiye mama. Hakumtambua, na mama hakumsemesha. Ni jambo la kukumbuka kila mara tunaposoma baadaye namna alivyokuwa mkali, mwenye majivuno na mwepesi wa kuona amedharauliwa. Halifuti alichotenda, lakini linasaidia kuelewa kwa nini mtu anaweza kulichukia jina lake.

Alitoka hapo mwaka wa 1856, akazungukazunguka kwa jamaa wasiomtaka, akafika bandari ya Liverpool. Mwishoni mwa 1858 akaingia kazi katika merikebu iitwayo Windermere, na mwanzoni mwa 1859 akashuka New Orleans, kusini mwa Marekani. Alikuwa na miaka 18. Hakuna mtu aliyemjua. Hapo ndipo John Rowlands alipoanza kufifia.

Jina la tajiri wa pamba

Katika mji ule alikuwako mfanyabiashara wa pamba, mtu wa heshima, jina lake Henry Hope Stanley. Katika kitabu cha maisha yake, ambacho mke wake alikichapisha mwaka wa 1909, mvulana anasimulia kwamba alimkuta tajiri huyo ameketi mbele ya duka, akamwomba kazi, tajiri akampenda, akamfanya mwana wake, akamwosha uso kwa maji na kumpa jina lake lote. Kisha, anasema, baba huyo mpya akafa mwaka wa 1861.

Hadithi ni nzuri, ila tajiri hakufa mwaka huo. Aliishi mpaka 1878, yaani mpaka wakati ambapo dunia nzima ilikuwa inamjua Stanley yule mwingine. Hakuna karatasi ya kumfanya mwana iliyowahi kuonekana. Kuna watafiti wanaosema kijana alimfahamu kidogo na wakagombana. Kuna wanaosema hawakukutana kabisa. Lakini jina likabaki kwake. Kwanza alijiita Henry Stanley. Baadaye akatafuta jina la katikati, akajaribu Morley, akajaribu Morelake, akajaribu Moreland, mwishowe akatulia kwenye Morton. Ni kama mtu anayejaribu makoti ya bale sokoni mpaka apate linalomkaa mabegani.

Na koti lenyewe lilikuwa la nani? Kabla ya kuwa jina la ukoo, Stanley ni jina la mahali. Linatoka katika Kiingereza cha zamani sana: stan ni jiwe, na leah ni uwazi katikati ya pori, mahali ambapo miti imekatwa. Uwazi wa mawe, basi. Katika Uingereza kuna vijiji na miji kadhaa yenye jina hilo, huko Derbyshire, Durham, Yorkshire, Wiltshire, kwa sababu mahali pengi palikuwa na mawe na pori lililokatwa. Watu waliotoka katika vijiji hivyo waliitwa kwa jina la kwao, kama vile sisi tunavyosema huyu ni wa Kabare, yule ni wa Fizi, na wajukuu wakabaki nalo hata walipohama. Ukoo mmoja uliotokea Staffordshire ulipata vyeo vikubwa, ukawa ukoo wa wakuu wa Derby. Ndio wenye jina katika mji wa Stanley kwenye visiwa vya Falkland, Stanley ya Hong Kong, na Stanley Park ya Vancouver. Wengi wanachanganya. Miji hiyo haimhusu kabisa mtu wa Kongo. Yeye hakuwa na tone la damu ya ukoo huo, na hata yule tajiri wa pamba hakuwa ndugu yake.

Morton pia ni jina la mahali: makao ya karibu na bwawa. Na Henry, likifuatwa mpaka shina lake la Kijerumani, ni mtawala wa nyumba. Kijana aliyekulia nyumba ya maskini alijichagulia majina matatu, na yote matatu yanazungumza juu ya nyumba au ardhi. Pengine ni bahati tu. Hata hivyo inashangaza.

Askari wa pande mbili, kisha mwandishi

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe ilipoanza, alijiunga na jeshi la kusini, upande uliotetea utumwa, akapigana Shiloh mwezi wa nne 1862, akakamatwa. Akiwa mfungwa Chicago, akakubali kuhamia jeshi la kaskazini ili atoke gerezani. Akaugua, akaachiliwa. Akarudi Wales akitafuta mama yake, na mama akamfukuza mlangoni, kwa maana alikuja amechakaa bila pesa. Akaingia jeshi la maji la Marekani mwaka wa 1864, akatoroka mwaka uliofuata. Kuanzia hapo akawa mwandishi wa magazeti, kazi ambayo aliiweza kwelikweli. Gazeti la New York Herald lilimtuma Abyssinia mwaka wa 1868, na mwishowe likampa kazi ya kumtafuta daktari Livingstone, mmisionari Mskoti ambaye habari zake zilikuwa zimekatika.

Alitoka Bagamoyo mwezi wa tatu 1871 na wapagazi wengi, akamkuta Livingstone Ujiji kabla mwaka haujaisha. Maneno ya salamu ambayo kila mwanafunzi duniani anayajua yana shaka, kwani kurasa za siku hizo katika daftari lake zimechanwa. Kwa watu wa Uvira lililo muhimu ni lililofuata. Wazee hao wawili, mmoja mgonjwa na mwingine mwenye homa, walipanda mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, wakatazama Rusizi. Wanajiografia wa Ulaya walikuwa wakibishana kama mto huo unatoka ziwani kwenda Nile. Waliona kwa macho kwamba unaingia. Kila mvuvi wa Uvira angeweza kuwaambia hivyo bure, lakini habari ya mvuvi wakati ule haikuhesabiwa kuwa ujuzi.

Aliporudi London mwaka wa 1872, sifa ilikuja pamoja na aibu. Magazeti ya Wales yakafichua kwamba Mmarekani Stanley ni John Rowlands wa Denbigh, mtoto wa nyumba ya maskini. Akakana. Akakana miaka mingi.

Katika safari hiyo kuna mtu mdogo ambaye lazima atajwe. Huko Unyanyembe, karibu na Tabora, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa Stanley zawadi ya mtoto mtumwa. Mtoto aliitwa Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda jina hilo, akauliza wapagazi wampe jingine, na akaitwa Kalulu. Kwa Kibemba kalulu ni sungura. Mtoto alipelekwa London, akapigwa picha, akatiwa shule, akaonyeshwa watu. Akarudi Afrika na bwana wake, na mwaka wa 1877 akafa maji katika maporomoko ya chini ya Kinshasa, angali kijana. Stanley akayaita maporomoko hayo Kalulu. Mtu aliyeacha jina la baba yake kwa hiari yake alimvua mtoto mwingine jina bila kumuuliza.

Nyangwe, Wagenia, Boma

Safari ya pili ndiyo iliyomfunga na nchi yetu. Alianza mwezi wa kumi na moja 1874, na Wazungu watatu, mamia ya wapagazi na askari wa Zanzibar, na mashua ya vipande iliyoitwa Lady Alice, jina la msichana wa Marekani aliyeahidi kumngoja na hakungoja. Alizunguka ziwa Victoria, akazunguka Tanganyika, akachungulia mto Lukuga, kisha akaingia Maniema. Mwezi wa kumi 1876 alikuwa karibu na Kasongo na Nyangwe, akitazama Lualaba. Livingstone alikuwa amefikiri ni Nile. Wengine walisema ni Niger. Njia ya kujua ilikuwa moja: kuufuata.

Hapo alikutana na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tajiri wa pembe na watumwa, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Hata huyo jina lake ni la kupewa: wengine wanasema ni sauti ya bunduki zake, wengine wanasema ni kwa sababu ya kupepesa macho. Walipatana kwamba Tippu Tip atamsindikiza siku 60 za mwendo kwa malipo ya dola 5000. Walitoka Nyangwe tarehe 5 mwezi wa kumi na moja. Pori lilikuwa zito, ndui ikaingia katika msafara, na kabla mwaka haujaisha Tippu Tip akageuza. Katika kitabu cha maisha yake, ambacho ni kati ya vitabu vya kwanza vya namna hiyo kwa Kiswahili, mzee huyo analalamika kwamba Stanley alimwahidi makubwa, na alichotumiwa baadaye kilikuwa picha ya Stanley mwenyewe.

Msafara ukateremka mto. Mwezi wa kwanza 1877 ukafika kwenye maporomoko saba yanayofuatana mpaka Kisangani ya leo. Wenyeji wa pale ni Waenya, mafundi wa kuvua kwa mitego mikubwa ya miti iliyosimamishwa ndani ya maji makali. Kwa ulimi wa Waswahili wakaitwa Wagenia. Stanley alipita kwa bunduki. Watu wake walivuta mitumbwi nchi kavu, wakikata njia porini, huku wakipigana karibu kila siku na watu waliokuwa wanalinda kwao. Ni haki kusema kwamba watu wa mto walikuwa wamekwisha kuonja misafara ya watumwa kutoka Maniema, na hawakuwa na sababu yoyote ya kufikiri kwamba huyu anakuja kwa heri. Maandishi yake mwenyewe yanahesabu mapigano hayo kwa namna ya fahari, na hata Ulaya wakati ule walikuwako watu waliochukizwa kuyasoma.

Ilikuwa desturi yake kubandika majina. Mto wenyewe alitaka uitwe Livingstone. Jina hilo halikushika. Kongo ikabaki Kongo, isipokuwa maporomoko ya chini, kati ya Kinshasa na Matadi, ambayo wanajiografia bado wanayaita ya Livingstone. Maporomoko saba ya juu yakaitwa Stanley. Penye maji mapana, mwezi wa tatu, anasema ni kijana wake Frank Pocock aliyependekeza paitwe Stanley Pool. Miezi mitatu baadaye Pocock naye akafa maji. Alikuwa Mzungu wa mwisho aliyebaki naye. Wawili wengine walikuwa wamekufa zamani.

Tarehe 9 mwezi wa nane 1877 walifika Boma, siku 999 tangu safari ianze. Waliobaki walikuwa wachache zaidi ya mia moja tu, wakiwa mifupa na ngozi. Watu hao, waungwana wa Zanzibar na Wanyamwezi, wanaume na wanawake wachache, ndio waliobeba kila kitu: mashua, risasi, nguo, shaba, na mzungu mwenyewe alipougua. Na misafara kama hiyo ndiyo iliyozidi kusambaza lugha ambayo habari hii imeandikwa. Kingwana cha Maniema na Kisangani kinabeba jina lao.

Mvunja mawe

Uingereza haikutaka kununua alichokiona. Mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji alitaka. Mwaka wa 1879 Stanley akarudi, safari hii kupitia mdomo wa mto, kwa kazi ya mfalme. Alijenga kituo Vivi, ng'ambo ya Matadi ya leo, na akaanza kupasua njia kando ya maporomoko mpaka Isangila, karibu kilomita 80 za vilima na mawe, ili avute meli zilizokatwa vipande. Kazi ilichukua mwaka mzima. Watu wengi walikufa. Ndipo akapewa jina Bula Matari. Kwa Kikongo kubula ni kupiga au kuvunja, na matadi ni mawe. Ndilo neno lile lile la mji wa Matadi.

Kama mtu aliyempa jina hilo alimsifu au alimwogopa, watu wanajibu tofauti. Stanley alidai ni sifa, kwa kuwa aliwafundisha watu kushika nyundo. Wakongo wengi waliokuja nyuma walilisikia kama jina la kitu kinachokuja na kuponda. Likaacha kuwa jina la mtu mmoja, likawa jina la serkali yote ya Wazungu: mkusanya kodi ni Bula Matari, askari wa Force publique ni Bula Matari, gereza ni la Bula Matari. Baba zetu walilitumia mpaka uhuru. Sasa turudi kwenye vijiji vile vya Uingereza. Stanley ni uwazi wa mawe. Mtu aliyejiokotea jina la mawe New Orleans alipewa jingine la mawe Vivi, na watu waliompa la pili hawakujua maana ya la kwanza.

Kutoka hapo alipanda mto. Mwishoni mwa 1881 akaanzisha Léopoldville karibu na kijiji cha Kintambo, na mwezi wa kumi na mbili 1883 akafika tena kwa Wagenia, akaacha kituo kwenye kisiwa kidogo na Mskoti mmoja, Andrew Binnie, kukilinda. Kituo hicho ndicho mwanzo wa Stanleyville. Njiani yeye na wenzake walikusanya mamia ya mikataba. Chifu aliweka alama, akapokea vitambaa, na karatasi ya Kifaransa au Kiingereza ikasema ametoa nchi. Neno kuuza ardhi kwa namna ile halikuwako katika lugha za mto. Karatasi hizo zilipelekwa Ulaya, na mwaka wa 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold akawa mwenye nchi ambayo hakuwahi kukanyaga.

Stanley aliondoka mwaka wa 1884. Mateso ya mpira, mikono iliyokatwa, vijiji vilivyochomwa, hayo yalikuja zaidi baada ya 1890, na yeye hakuwapo. Wanaomtetea wanashika neno hili. Lakini njia ilikuwa yake, vituo vilikuwa vyake, na mikataba ilikuwa ya mkono wake. Mtu aliyemfungulia mwizi mlango hawezi kusema alikuwa amelala wakati nyumba inabebwa, hasa akiwa alilipwa kufungua.

Alirudi mara moja zaidi, mwaka wa 1887, kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama karibu na ziwa Albert. Alipitia Zanzibar na kumfanya Tippu Tip, yule yule, kuwa gavana wa Stanley Falls kwa mshahara wa Leopold. Kisha akaingia pori la Ituri kutoka Yambuya. Safari hiyo ni giza tupu: njaa, mishale yenye sumu, watu walioachwa nyuma chini ya wakubwa wakatili. Meja Barttelot, aliyeachiwa kikosi cha nyuma, aliwapiga watu wake mpaka akauawa kwa bunduki mwaka wa 1888. Wenyeji wa pori nao waliibiwa chakula chao kila kituo. Ndani ya safari hiyo, mwezi wa tano 1888, Stanley aliona theluji za Rwenzori, na mwaka uliofuata, akishuka bonde la Semliki, akaliita ziwa la wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge kwa jina la mwana wa malkia wa Uingereza, Edward. Wavuvi hawakuulizwa.

Jiwe la Pirbright

Alioa London mwezi wa saba 1890, mke wake akiwa Dorothy Tennant, mchoraji. Akarudishiwa uraia wa Uingereza, akaingia bungeni mwaka wa 1895, akapewa cheo cha Sir mwaka wa 1899. Yeye na mkewe hawakupata mtoto. Walichukua mmoja wa kulea, wakamwita Denzil. Yule aliyedai kufanywa mwana na Stanley sasa alimfanya mwingine kuwa Stanley, na safari hii ilikuwa kweli.

Alikufa tarehe 10 mwezi wa tano 1904. Alitaka alale Westminster Abbey karibu na Livingstone, na wakubwa wa kanisa walikataa. Akazikwa kijijini Pirbright. Dorothy hakutaka jiwe lililochongwa. Aliagiza jiwe kubwa la asili, ambalo halijaguswa na fundi, akaandikisha juu yake jina la mume wake, Bula Matari, miaka yake, na neno Afrika. Jina la Rowlands halimo. Kwa hiyo katika makaburi ya kijiji cha Uingereza kuna maneno mawili ya Kikongo ambayo wapita njia hawawezi kuyasoma.

Huku kwetu majina yalianza kutoka mwaka wa 1966, wakati Mobutu alipofuta ya wakoloni. Stanleyville ikawa Kisangani, jina ambalo Waswahili walikuwa wakilitumia tangu zamani, na ambalo wengi hulieleza kwa neno kisanga, yaani kisiwa. Wenyeji wana lao pia, Boyoma, na maporomoko yakarudi kwenye jina hilo. Stanley Pool ikawa Pool Malebo. Sanamu yake iliyosimama juu ya kilima cha Kinshasa, mkono mmoja umeinuliwa kuelekea mto, iliangushwa mwaka wa 1971. Huko Denbigh walifanya kinyume: walimsimamishia sanamu mwaka wa 2011, na mwaka wa 2021 wakaaji wakapiga kura kama iondolewe. Wengi wa waliopiga walitaka ibaki.

Kilima cha Kinshasa, kilichokuwa Mont Stanley, kikapewa jina la Ngaliema. Huyo alikuwa mkubwa wa Wateke wa Kintambo, mfanyabiashara wa pembe aliyejipandisha mwenyewe, aliyechanjana damu na Stanley wakawa ndugu, kisha akamsumbua miezi mingi kwa sababu hakutaka Mzungu ajenge pale. Stanley alipomkuta mara ya kwanza, mwaka wa 1877, mtu huyo aliitwa Itsi. Ngaliema lilikuwa jina la baadaye. Hata mlima wa theluji, ule wa Mutwanga, upande wa Kongo ulipewa jina hilo hilo, Mont Ngaliema, ingawa mwenyewe hakuwahi kufika Rwenzori. Waongoza watalii wa Virunga wanayajua majina yote mawili, na mgeni akiuliza wanampa lile ambalo ameliona kwenye ramani yake.